Kesho Maji Hayatoki

Miwani hii sikuinunua, nililipwa.
Kampuni ya kutembeza wageni ilikufa na mishahara yangu mitatu.
Bosi akanambia: Shaame, chagua kimoja.
Akafungua kabati: feni bovu, kiti kisicho mguu,
na hii kofia nyeusi isiyo utosi, ya kuziba macho.
Nikapanda nayo ngazi za Michenzani ndani ya gunia la mchele.
Mama akauliza, kitu gani hicho?
Nikasema, kazi.

Sikusema uongo wote.

Huko ndani kuna ukumbi. Aliyeujenga yuko Oslo,
mnazi ameuona kwa picha tu,
ndiyo maana theluji inaangukia makuti
na hakuna anayelalamika.
Tunakutana Jumatano, baada ya isha.
Mmoja ni taa ya chemli. Mmoja ni paka wa Muscat
anayesema Kiswahili cha bibi yake, yakhe hivi, yakhe vile.
Mmoja ni korongo mrefu,
sauti yake ya mtu aliyezoea kulala karibu na ukuta mwembamba.
Majina hatuulizani. Mji pia.
Kanuni hiyo ndiyo shuka letu.

Usiku wa kwanza nilikaa pembeni, kimya.
Chemli akaja akakaa ubavuni, naye kimya.
Basi. Huku nje mimi ni mtu wa kuulizwa:
unaoa lini, mbona unatembea hivyo,
yule rafiki yako wa Mkunazini kahamia wapi.
(Kahamia Dar. Hakuaga.)

Lugha yetu ina huruma: yeye ni yeye,
haisemi mke, haisemi mume.
Miaka kumi nimejificha ndani ya neno hilo dogo,
yeye kaja, yeye kanuna, yeye kaondoka,
na jamaa wakadhani wanamjua binti.
Niliwasimulia wale wa theluji vivyo hivyo,
mpaka korongo akauliza: Jina lake nani?

Idarusi, nikasema.

Dari haikuporomoka.
Paka akasema, jina zuri, yakhe, lina harufu ya udi.
Chemli akanyoosha mkono anishike bega, mkono ukapita.

Sitaki kupamba. Vitu vya huko havina uzito.
Nilipolala na homa siku nne waliniletea uji wa maneno;
uji wa bakuli aliupika Mama,
ambaye hajui, na ambaye alinipulizia kijiko.

Sasa, Jumatano iliyopita
gari la matangazo lilipita chini, spika imepasuka kama kawaida:
Wananchi mnatangaziwa, kesho maji hayatoki,
Michenzani, Kikwajuni, Kisiwandui, mpaka Ijumaa jioni.
Nikalisikia kwa dirishani.
Kisha, kwa kuchelewa pumzi moja,
nikalisikia tena, ndani ya sikio,
likitokea kwa korongo.

Wengine walikuwa wanacheka jambo.
Mimi nikashika ukingo wa kitanda.
Nikahesabu majengo, madirisha, ngazi tulizopishana,
asalamu alaikum, waalaikum salamu, ndoo mkononi,
macho chini.
Kujulikana: nimefunzwa kukuogopa kabla ya kufunzwa alifu.
Korongo naye kanyamaza. Mdomo wake mrefu umenielekea.
Kidole changu tayari kwenye kitufe cha kutoka.

"Umejaza maji?" akauliza,
polepole, kama anayejua kuta zetu.

"Bado."

"Jaza basi. Na beseni la mama usilisahau."

Nikavua miwani. Saa nne na nusu.
Bomba likakohoa, likatema kutu, likatoa maji.
Nikajaza ndoo mbili, beseni, dumu, birika,
hata sufuria la shughuli, lile la pilau.
Nilipofunga bomba nikatega sikio:
ndani ya mabomba ya jengo,
sijui ghorofa gani,
mtu alikuwa bado anajaza.